Darasa la stadi baada ya masomo: namna wazazi wanavyoweza kuliandaa shuleni kwao

Kengele ya mwisho ikigongwa saa nane na nusu mchana, mtoto wa shule ya msingi anabakiwa na takribani saa nne kabla giza halijaingia. Mmoja anakwenda kuchota maji, mwingine anambeba mdogo wake, na mwingine anazurura senta mpaka mama arudi kutoka shambani. Wakati huohuo, hatua chache kutoka shuleni anaishi bibi anayesuka mikeka, baba anayetengeneza baiskeli na mama ambaye bustani yake haikauki hata kiangazi. Wanachokijua hawa hakimo kwenye daftari la mtoto.

Swali linalorudi mara kwa mara kwenye kipindi chetu cha wazazi ni hili: je, sisi wenyewe tunaweza kuwafundisha watoto kazi za mikono, palepale shuleni, baada ya masomo? Jibu ni ndiyo. Huhitaji jengo jipya wala mfadhili. Kinachohitajika ni ruhusa, mpangilio, na watu wazima wachache wanaotimiza zamu zao. Makala haya yanaeleza hatua kwa hatua. Unaweza kuyasoma kwenye simu yako, ukawasomea wenzako kwenye mkutano wa kijiji.

Kwa kifupi

- Anza na mwalimu mkuu na kamati ya shule. Usianze na watoto.
- Chagua stadi moja au mbili ambazo malighafi yake inapatikana kijijini.
- Siku mbili kwa wiki na saa moja na robo kila siku zinatosha.
- Watu wazima wasipungue wawili hata siku moja, na darasa lifanyike mahali pa wazi.
- Watoto wanajifunza. Hawatengenezi bidhaa za kumuuzia mtu mwingine.
- Panga awamu ya wiki nane yenye mwanzo na mwisho, kisha pumzikeni.

Darasa la stadi ni nini, na si nini

Darasa la stadi ni muda ambao mzazi au mkazi mwenye ujuzi anawafundisha watoto wachache kitu cha kufanya kwa mikono: kusuka, kushona, kulima bustani, kupika, kuziba pancha. Mtoto anaondoka na ujuzi, na mara nyingi na kitu alichokitengeneza mwenyewe.

Hili si twisheni. Hakuna hisabati ya mtihani, hakuna ada, na mwalimu halipwi kwa kubaki jioni. Si adhabu pia. Mtoto aliyechelewa asubuhi asitumwe kwenye bustani ya darasa la stadi kung'oa majani, kwa sababu siku hiyo wenzake wataanza kuiona bustani hiyo kama mahali pa kuadhibiwa.

Fikra yenyewe si ngeni kwetu. Mwezi Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule imwandae mtoto kwa maisha ya jamii anamoishi. Wengi wetu tunaikumbuka kupitia shamba la shule na siku za kubeba majembe. Tatizo lililojitokeza katika shule nyingi ni kwamba watoto walifanya kazi bila kufundishwa kitu. Walilima, mavuno yakaliwa au yakauzwa, wakarudi nyumbani bila kujua kwa nini mstari huu ulipandwa sentimita kadhaa kutoka ule. Darasa la wazazi likipangwa vizuri linaligeuza jambo hilo: kazi inakuwa ndogo, maelezo yanakuwa mengi.

Mtaala ulioboreshwa, ambao ulianza kutumika kwa hatua mwaka 2024, nao umeweka mkazo kwenye ujuzi na vitendo. Kwa hiyo unapokwenda kuzungumza na mwalimu mkuu, humletei jambo lisilomhusu. Unampa mikono ya ziada.

Hatua ya 1: Pata ruhusa, na iandikwe

Mtu wa kwanza kuonana naye ni mwalimu mkuu. Nenda na wazazi wenzako wawili au watatu, msiende mmoja mmoja. Mwelezeni mnataka kufundisha nini, watoto wa madarasa gani, siku zipi na nani watasimamia. Ombeni jambo hilo liingizwe kwenye ajenda ya kamati ya shule.

Shule nyingi sasa zina pia Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, maarufu kama UWAWA. Kama upo shuleni kwenu, huko ndiko mahali pazuri pa kuliweka darasa hili, kwa kuwa tayari lina mwenyekiti, katibu na wawakilishi wa madarasa. Mjulisheni pia mwenyekiti wa kijiji, na mwombeni mwalimu mkuu amtaarifu Afisa Elimu Kata.

Kwa nini karatasi? Kwa sababu mtoto akijikata kidole saa tisa na nusu alasiri, swali la kwanza litakuwa alikuwa chini ya nani. Muhtasari wa kikao ukionyesha kwamba shule na kamati waliridhia, na majina ya wasimamizi yapo, kila mtu analindwa: mtoto, mzazi aliyejitolea na mwalimu. Muhtasari wenyewe unaweza kuwa ukurasa mmoja wa daftari. Muhimu uwe na tarehe, majina, maamuzi na sahihi.

Baada ya hapo kila mzazi atie sahihi au dole gumba kwenye fomu fupi ya ridhaa: jina la mtoto, darasa, namba ya simu ya nyumbani, ugonjwa wowote unaojulikana kama pumu au kifafa, na nani atamchukua au kama mtoto atarudi na wenzake.

Hatua ya 2: Chagua stadi inayowezekana

Wazazi wengi huanza na orodha ndefu: ushonaji, useremala, kompyuta, ufugaji. Ifupisheni. Pimeni kila wazo kwa maswali manne:

1. Je, hapa kijijini yupo mtu anayeijua vizuri na yuko tayari kuja?
2. Je, malighafi inapatikana bila kununua, au kwa fedha kidogo?
3. Je, mtoto wa miaka tisa anaweza kumaliza kitu kidogo ndani ya wiki mbili au tatu?
4. Je, ikikosewa, madhara yake ni madogo?

Stadi ikishindwa swali moja, iacheni kwa sasa. Hizi hapa hupita kirahisi vijijini:

*Kusuka.* Pale penye minazi, mikindu au mikoche, malighafi iko jirani. Mtoto anaanza kwa kuchana ukindu katika upana unaolingana, kisha anajifunza kusuka ukili, yaani ule utepe mwembamba ambao baadaye hushonwa kuzunguka mpaka ukawa kitanga, kikapu au mkeka. Mwanzoni asuke kwa nyuzi chache. Ukili wa urefu wa mkono wake unatosha kumfanya aone kwamba ameweza. Ndani ya kusuka kuna hesabu pia: huu unapita juu, huu chini, ukikosea kuhesabu ukili unapinda na kila mtu anaona.

*Bustani ya gunia.* Gunia au kiroba hujazwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Katikati husimamishwa nguzo ya kokoto ili maji yashuke hadi chini, na pembeni hutobolewa matundu ya kupandia miche. Mchicha unafaa kuanzia, kwa sababu huvunwa ndani ya wiki tatu hadi nne na mtoto hachoki kusubiri. Kila kikundi kiwe na daftari: tulisia tarehe gani, tulimwagilia mara ngapi, wadudu walionekana lini. Daftari hilo ni somo la sayansi na la kuandika kwa pamoja.

*Kushona kwa mkono.* Kushona kifungo, kuziba sare iliyochanika, kukunja pindo. Vifaa ni sindano, uzi, vifungo vya zamani na vipande vya vitambaa kutoka kwa fundi cherehani. Wavulana na wasichana wote washone. Kila sare huchanika, ya mvulana na ya msichana.

*Kuziba pancha.* Panapo baiskeli nyingi, stadi hii inapendwa mno. Mtoto anajifunza kutoa tairi kwenye ringi, kutafuta tundu kwa kuzamisha mpira kwenye beseni la maji, kukwaruza kwa msasa, kupaka gundi, kusubiri ikauke kidogo na kubandika kiraka. Gundi itumike mahali penye hewa, na ibaki mikononi mwa mtu mzima kabla na baada ya darasa. Harufu yake inalevya na kuna watoto wanaoivuta.

*Mapishi rahisi na usafi.* Kuosha mboga, kupima unga, kupika uji, kusafisha vyombo. Watoto wanapopika uji wao wenyewe, darasa linapata chakula na somo kwa wakati mmoja.

Stadi nyingine ziacheni kwa vijana wakubwa na vyuo vya ufundi: kulehemu, kuchoma matofali, kupulizia dawa za wadudu. Kuna pia kutengeneza sabuni. Wazazi wengi wanaipendekeza kwa kuwa inauzika, lakini magadi makali yanayotumika humuunguza mtu ngozi na yanaweza kumpofusha. Hayafai kuwa karibu na mtoto wa shule ya msingi.

Hatua ya 3: Pangeni siku na saa

Saa tisa hadi saa kumi na robo alasiri ni muda unaofaa kwa shule nyingi. Mtoto anapata nafasi ya kupumua baada ya masomo, na anafika nyumbani kukiwa bado na mwanga. Mtoto anayetembea zaidi ya nusu saa aruhusiwe kuondoka mapema.

Chagueni siku mbili, na epukeni siku ya gulio au mnada, kwa sababu siku hiyo wasimamizi hawatatokea na watoto wengi wanatumwa. Tazameni pia msimu. Wiki za kupanda na kuvuna mzazi hana nafasi, hata awe na moyo kiasi gani. Kumbukeni na kalenda ya shule: mtihani wa kumaliza elimu ya msingi kwa kawaida hufanyika Septemba, na upimaji wa Darasa la Nne hufuata Oktoba. Madarasa ya mitihani yasihusishwe miezi hiyo.

Kuna jambo linalosahaulika, nalo ni kazi za nyumbani. Mtoto anayebaki shuleni mpaka saa kumi na robo ni ndoo moja ya maji ambayo haijachotwa. Kama mama hajakubali, mtoto, na hasa msichana, ataadhibiwa kwa kuchelewa na hatarudi tena. Kwa hiyo lizungumzwe wazi kwenye kikao: Jumanne na Alhamisi nani atachota maji? Nani atabaki na mtoto mdogo? Familia nyingine zitaamua kaka na dada wapokezane. Nyingine zitaomba mdogo aje naye. Msiwakatalie. Tandikeni mkeka pembeni na bibi mmoja awatazame.

Hatua ya 4: Hesabuni watu na zamu

Mtu mzima mmoja anaweza kuwafuata watoto wanane wanaofanya kazi ya mikono. Zaidi ya hapo anaanza kupiga kelele badala ya kufundisha. Tuchukue mfano wa kikundi cha watoto 24:

- Watoto 24 wanahitaji watu wazima 3 kila siku ya darasa.
- Awamu ya wiki nane, siku mbili kwa wiki, ni siku 16.
- Siku 16 mara watu 3 ni zamu 48.
- Wazazi 12 wakigawana, kila mmoja ana zamu 4 katika miezi miwili.

Zamu mbili kwa mwezi ni kitu ambacho hata mkulima mwenye shughuli nyingi anaweza kukubali. Ukienda kwa mtu ukamwambia "tunaomba ujitolee kufundisha", atasita. Mwambie "tunaomba alasiri nne, hizi hapa tarehe zake". Hapo atakupa jibu la kweli.

Katika watatu wa kila siku, mmoja ni fundi anayefundisha. Wawili ni wasaidizi: wanashika daftari, wanagawa vifaa, wanamsaidia aliyekwama. Msaidizi hahitaji kuijua stadi. Mara nyingi naye huondoka ameijua.

Ratiba ya zamu iandikwe kwenye karatasi kubwa na kubandikwa mlangoni kwa ofisi ya shule. Siku moja kabla, katibu awatumie wenye zamu ujumbe wa simu. Asiyeweza kuja amtafute wa kubadilishana naye, asimwachie katibu.

Hatua ya 5: Mwandaeni fundi

Mtu anaweza kusuka kwa miaka arobaini bila kuwahi kumweleza mtu namna anavyosuka. Mikono yake inajua lakini maneno hayaji. Kabla ya darasa la kwanza, kaeni naye alasiri moja na mpange somo kwa mwendo huu:

1. Onyesha kitu kilichokamilika, watoto wakishike.
2. Fanya polepole wakiangalia, bila kusema sana.
3. Fanya tena, kila hatua ukiitaja jina.
4. Wafanye pamoja nawe.
5. Wafanye wenyewe, wewe ukipita.
6. Mwisho, mtoto mmoja awaonyeshe wenzake.

Mwambieni pia fundi kwamba kukosea kunaruhusiwa. Bibi aliyezoea kufumua ukili wa mjukuu wake na kuusuka upya atajizuia kwa shida, lakini ajizuie. Ukili uliopinda wa mtoto una thamani kuliko ulionyooka wa bibi.

Kama fundi anajieleza vizuri zaidi kwa lugha ya nyumbani, afundishe kwa lugha hiyo, na msaidizi awasaidie watoto wasioielewa. Majina ya zana, ya mimea na ya hatua za kazi mara nyingi yamo katika lugha hizo tu.

Mtoto mwenye ulemavu apewe nafasi tangu siku ya kwanza. Mtoto asiyeona vizuri anaweza kusuka kwa vidole. Mtoto asiyesikia anajifunza kwa kuangalia, na ndivyo stadi hizi zilivyofundishwa siku zote. Asiyeweza kuinama kwenye bustani anaweza kusimamia gunia lililoinuliwa juu ya meza ya fito.

Hatua ya 6: Usalama hauna mjadala

Kanuni hizi zisomwe kwa sauti kwenye kikao cha kwanza, kila msimamizi akiwapo:

- Watu wazima wawili au zaidi kila siku. Akitokea mmoja tu, darasa linaahirishwa na watoto wanarudi nyumbani mapema.
- Darasa linafanyika eneo la shule, mahali panapoonekana: chini ya mti, barazani, au darasani mlango ukiwa wazi. Halihamii nyumbani kwa fundi, hata kwa sababu nzuri.
- Mtu mzima haondoki na mtoto mmoja peke yake kwenda kuchukua vifaa.
- Majina yanaitwa mwanzo na mwisho. Watoto wanaondoka kwa makundi ya njia moja.
- Sindano, mikasi na visu vinahesabiwa vikitolewa na vikirudishwa.
- Pawe na maji safi, sabuni, kitambaa safi cha kufungia jeraha, na namba ya zahanati.
- Mzazi msimamizi hampigi mtoto wa mwenzake. Anayevuruga akae pembeni, na mzazi wake ajulishwe.

Kumchagua fundi nako ni suala la usalama. Mtu akitajwa kwenye kikao na mama mmoja akanyamaza huku ametazama chini, katibu amfuate baadaye amuulize taratibu. Ujuzi wa mtu hausafishi tabia yake.

Mtoto akionyesha dalili za kuumizwa au kutendewa vibaya, iwe darasani au nyumbani, mweleze mwalimu mkuu, Afisa Ustawi wa Jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Unaweza pia kupiga 116, namba ya Simu kwa Mtoto. Kupiga ni bure.

Hatua ya 7: Gharama, uji na michango

Elimu ya msingi katika shule za serikali ni bila ada, na mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Darasa la stadi lifuate msingi huohuo: mchango ni wa hiari, na mtoto ambaye kwao hawakuchanga anakaa mstari mmoja na wenzake. Ukianza kuwatenganisha, umewaondoa haswa wale wanaolihitaji zaidi.

Njia rahisi ni kuchanga vitu kuliko fedha. Tuendelee na mfano wetu wa watoto 24, na tuseme wanatoka kaya 20. Mtoto aliyekula asubuhi tu hawezi kushika sindano saa tisa, kwa hiyo uji unahitajika. Vikombe 24 vya robo lita ni lita 6 za uji, ambazo zinahitaji unga wa takribani robo tatu ya kilo. Kwa siku 8 za mwezi ni kilo 6. Kila kaya ikileta nusu kilo kwa mwezi, mnapata kilo 10: uji upo, na ziada inafidia kaya ambazo hazikuweza. Kuni, maji na sukari vipangiwe zamu.

Vifaa vya kuanzia kwa bustani na kusuka ni vichache: magunia 6, kila moja likihudumiwa na watoto 4, mbegu za mchicha, ndoo mbili, sindano kubwa za kushonea kili, na ukindu ambao watoto wenyewe wanaweza kwenda kuuchuma na wazazi siku ya Jumamosi. Samadi iko zizini.

Fedha ikipatikana, hata shilingi elfu tano, iandikwe: imetoka kwa nani, imenunua nini, imebaki ngapi. Watu wawili waishike, mmoja atunze na mwingine aandike. Hesabu isomwe kila mwezi mbele ya wazazi. Vikundi vingi vijijini havifi kwa kukosa fedha. Vinakufa kwa fedha ndogo isiyoelezwa.

Bidhaa za watoto ni za nani?

Hapa panahitaji umakini. Watoto wakishazoea, vikapu vyao vinaanza kupendeza. Mfanyabiashara anapita, anataka vikapu hamsini. Wazazi wanaona fedha, saa moja na robo inakuwa saa tatu, na anayesuka polepole anaanza kukemewa. Taratibu darasa limekuwa karakana, na wafanyakazi wake wana miaka kumi.

Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, inakataza ajira ya unyonyaji kwa mtoto, na inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini hata kwa kazi nyepesi. Watoto wengi wa shule ya msingi wako chini ya umri huo. Kwa hiyo kubalianeni mapema:

- Kitu cha kwanza anachotengeneza mtoto kinakwenda nyumbani kwake.
- Darasa halipokei oda kutoka kwa mtu yeyote.
- Mboga za bustani zinaingia kwenye chakula cha watoto, au wanagawana.
- Vitu vikiuzwa siku ya maonyesho, fedha inanunua vifaa vya darasa, na watoto wanaelezwa hesabu yake.

Mfano wa awamu ya wiki nane

- Wiki ya 1: Utambulisho, kanuni, kujaza magunia na kusia mchicha.
- Wiki ya 2: Kumwagilia kwa zamu, kuchana ukindu, kuanza ukili.
- Wiki ya 3: Kung'olea miche iliyobanana, kuendelea na ukili.
- Wiki ya 4: Mavuno ya kwanza, kuosha na kupika mboga pamoja, kusia tena.
- Wiki ya 5: Kuanza kushona kili.
- Wiki ya 6: Kumalizia kitanga kidogo cha kuwekea sufuria.
- Wiki ya 7: Mavuno ya pili. Wanaoweza wawafundishe wanaochelewa.
- Wiki ya 8: Siku ya maonyesho. Kila mtoto anaeleza alichofanya.

Siku ya maonyesho isiwe ya hotuba ndefu. Watoto wasimame na kazi zao, wazazi wapite wakiuliza. Baba aliyesema hana muda wa "mambo ya kusuka", mwanawe akimweleza kwa nini ukili unahesabiwa kwa jozi, huenda akawa wa kwanza kuomba zamu awamu ijayo.

Kwa nini madarasa mengi hufa wiki ya tatu

Sababu ni zilezile. Mzazi mmoja mwenye moyo anabeba kila kitu, kisha anaugua au anasafiri kwenda msibani. Dawa yake ni kuwa na waratibu wawili tangu mwanzo. Mara nyingine darasa linaanza na watoto themanini kwa sababu hakuna aliyetaka kukataa mtu. Anzeni na 24, orodha ya wanaosubiri iwepo, na awamu ya pili waingie wao. Mara nyingine darasa halina mwisho, watu wanachoka kimyakimya na kuacha kuja. Wiki nane kisha mapumziko huwapa watu nafasi ya kurudi bila aibu.

Na mara nyingine walimu wanahisi wameingiliwa. Wapeni heshima yao: wajulisheni mnachofundisha, waombeni ushauri, msiwaombe kubaki. Mwalimu akijitokeza kwa hiari, karibuni sana.

Maswali tunayoulizwa

*Je, darasa la stadi litashusha alama za mtoto?* Saa mbili na nusu kwa wiki ni chache. Ila mtazameni mtoto. Akianza kusinzia darasani au kuacha kazi za shule, apunguziwe siku moja.

*Sisi hatujasoma, tunaweza kufundisha shuleni?* Mnaweza kufundisha mnachokijua. Kazi za kuandika mwachieni msaidizi anayejua kuandika.

*Mtoto aanze akiwa darasa la ngapi?* Darasa la Tatu na kuendelea ni rahisi kwa sindano na kusuka. Wadogo zaidi wanafaa kwenye bustani na michezo ya mikono kama kufinyanga udongo.

*Tukitaka kuanza wiki hii, tufanye nini?* Tafuta wazazi wawili. Andikeni majina ya watu watano wenye ujuzi kijijini kwenu na stadi zao. Nendeni kwa mwalimu mkuu na karatasi hiyo.